TUSIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO



Siku hizi hapa Garsen, vijana wakikutana barazani, hadithi ni ng'ombe wa gredi tu. Eti tulete dume la kigeni, tupate chotara, tutajirike! Mimi sipingi chotara. Ninachouliza ni hiki: chotara wa kazi gani, na ataishi wapi?

Hebu tuwatazame wafugaji wa farasi kule Ayalandi. Walimchukua farasi wao wa shamba, mpole na mwenye mifupa mizito, wakampandisha na farasi wa mbio, mwepesi na mwenye pumzi. Wakapata chotara hodari wa kuruka viunzi, mwenye nguvu na asiye na papara. Jamani, hawakuchanganya ovyo! Walijua kazi kwanza, ndipo wakachagua wazazi. Tena yule wa shamba hawakumtupa. Tangu 1917 ukoo wake unaandikwa daftarini. Akiisha huyo, chotara atazaliwa na nani?

Farasi huyo tukimleta hapa mtoni, hadumu. Mbung'o wapo, na nagana humwua farasi kama anavyouawa ng'ombe wa gredi asiyepewa dawa.

Kumbe sisi tunaye wetu, Borani wa Kiorma! Katika miaka ya 1980, kwenye ranchi ya Galana, wataalamu walimlinganisha na Borani aliyeboreshwa. Huyu wetu aliambukizwa mara chache, damu yake haikupungua upesi, na dawa alihitaji kidogo. Ni mdogo wa umbo, naam, lakini ukubwa utakufaa nini ikiwa mnyama amelala chini?

Hatari ninayoiona ni hii. Malisho yetu ni ya pamoja. Dume moja geni likiachiwa huko, litapanda ng'ombe wa kila mtu, hata wa yule asiyetaka. Miaka michache tu, na kinga iliyojengwa kwa vizazi na vizazi itakuwa imezimuliwa kama maziwa yaliyotiwa maji.

Kwa hivyo rai yangu ni kwamba, anayetaka chotara wa maziwa amfuge zizini, karibu na dawa, na dume lake alifunge. Huko malishoni tuwaache madume wa Kiorma, tena walio bora. Wazee wetu wakubaliane hivyo mapema, kabla maji hayajazidi unga.