Miaka 75 ya Kituo cha Jinja

Mwaka 2022 kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja kilitimiza miaka 75. Kilianzishwa mwaka 1947 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, na leo ni taasisi ya taifa ya Uganda iitwayo NaFIRRI. Gazeti hili linakipongeza kutoka ng'ambo ya Ziwa Victoria, bila kusita. Yaliyopimwa Jinja yamewafaa wavuvi wa Mwanza, Musoma na Kisumu sawasawa na wale wa Entebbe.

Kazi ya kituo ni kuchunguza maji baridi na uhai uliomo: joto la maji kutoka juu hadi chini, oksijeni, mwani, wadudu, samaki na kile kilichomo matumboni mwao. Ni kazi isiyopigiwa vigelegele. Mtaalamu huteremsha majini sahani nyeupe iliyofungwa kamba, akaandika imepotea machoni pake kwa kina gani, kisha mwezi unaofuata akarudi pale pale. Siku ile namba hiyo haimshangazi mtu. Thamani yake huja kuonekana baada ya miaka thelathini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa takwimu za Jack Talling, aliyefanya utafiti Jinja mwaka 1960 na 1961. Alifuatilia mwaka mzima jinsi maji ya Ziwa Victoria yanavyojipanga kwa matabaka, ya juu yenye joto na ya chini yenye ubaridi, na jinsi pepo za katikati ya mwaka zinavyoyachanganya. Miongo mitatu baadaye watafiti walirudi kupima upya, akiwemo Rose Mugidde wa Jinja. Walikuta uzalishaji wa mwani umefikia takriban maradufu, maji yamepoteza ung'avu, na vilindi vinakosa oksijeni kwa miezi. Bila rekodi za Talling tungekuwa hadi leo tunabishana kama ziwa limebadilika au la. Kwa rekodi zile ubishi ulikwisha, na macho yakaelekezwa kwenye rutuba inayosombwa kutoka mashambani na majitaka ya miji yetu.

Elimu hiyo ilihitajika mwanzoni mwa 2021, sangara walipokutwa wakielea wamekufa upande wa Uganda na watu wakahofia sumu. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kisayansi: dhoruba zilivuruga maji, yale ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda, na sangara, ambaye havumilii uhaba wa oksijeni, akatangulia kufa. Nchi isiyolijua ziwa lake ingeanza kumsaka mchawi.

Sangara huyo huyo ndiye ukurasa mchungu wa historia hii. Michael Graham, aliyefanya upimaji wa kwanza wa uvuvi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, alionya mapema juu ya hatari ya kuingiza samaki mlaji kutoka nje. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtafiti wa Jinja, alirudia onyo hilo kwa maandishi. Hakusikilizwa. Sangara alikwisha kuingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na akapandikizwa rasmi mwaka 1962 na 1963. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, na spishi nyingi za furu, zisizopatikana kwingine kokote duniani, zikatoweka. Hatusemi kwamba sangara ameleta hasara tupu. Viwanda vya minofu vya Mwanza vimejengwa juu ya mgongo wake na familia nyingi zimesomesha watoto kwa ajili yake. Tunachosema ni kwamba mtaalamu alitoa ushauri kwa wakati, na wenye mamlaka wakaupuuza.

Kituo chenyewe hakikuwatendea wote haki enzi za ukoloni. Rosemary Lowe, mmoja wa wataalamu wakubwa wa perege duniani, alilazimika kuacha ajira yake Jinja mwaka 1953 kwa sababu ameolewa. Ndivyo kanuni za utumishi wa kikoloni zilivyotaka. Hasara ilikuwa ya ziwa.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na utafiti wa ziwa moja ukagawanywa vipande vitatu. Kenya ikaanzisha taasisi ya KMFRI mwaka 1979, Tanzania TAFIRI mwaka 1980, na Jinja ikabaki mikononi mwa Uganda iliyokuwa ikipita katika vita na uhaba wa kila kitu. Kwamba kituo hakikufungwa milango ni sifa ya watumishi waliobaki. Mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994 ulizileta tena nchi tatu mezani kwa kuunda shirika la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria, na makao yake yakawekwa Jinja. Hapakuwa na mahali palipostahili zaidi.

Sasa ziwa lina mambo mapya. Mwaka 2020 maji yalipanda kupita kiwango cha 1964, yakaingia majumbani na kwenye mialo. Vizimba vya kufugia samaki vinaongezeka kwenye ghuba, na hakuna ajuaye kwa macho tu ghuba ipi itabeba vizimba vingapi. Hilo hupimwa, na hupimwa kila mwaka. Lakini utafiti mwingi mkubwa wa ziwa hili umelipiwa na wafadhili. Mradi ukiisha, boti hutia nanga na daftari hufungwa. Aibu hiyo ni ya serikali zote tatu.

Tunataka TAFIRI, KMFRI na NaFIRRI zipewe fedha za kudumu kutoka hazina za nchi zao, zipime kwa njia moja na kubadilishana takwimu bila kuombana ruhusa. Tunataka pia matokeo yafike mialoni kwa lugha inayosemwa mialoni. Na bajeti ya uvuvi itakapofika bungeni, tunawaomba wabunge wa Mwanza, Mara, Kagera, Geita na Simiyu wamuulize waziri swali moja: fedha za kulipima ziwa mwaka kesho zimo katika kifungu gani?