Mtoto Yuko Tayari Kula, au Mlezi Amechoka?



Jumatatu moja asubuhi, kabla hatujaanza kupima watoto uzito, aliletwa kliniki mtoto wa kike wa miezi mitatu na nusu. Macho yalikuwa yamedidimia, mdomo umekauka, utosi umebonyea. Alikuwa ameharisha siku mbili. Mama yake, karani katika ofisi moja hapa mjini, alisema kwa machozi kwamba mtoto hajapewa kitu chochote isipokuwa maziwa yake, ambayo huyakamua kila alfajiri na kuyaacha kituo cha kulelea watoto. Nilimwamini. Lakini nilipomvua mtoto fulana niliona kwenye ukosi alama ya uji uliokauka.

Kituo hicho nakifahamu, kwa sababu akina mama wa kanisa letu huenda kusaidia huko kila Alhamisi. Mlezi hakuficha. "Sista," aliniambia, "yule mtoto hashibi. Tangu asubuhi anakula ngumi yake na kulia. Nikaona nimsaidie mama yake, nikampa uji mwepesi kwenye chupa." Walikuwa walezi wawili kwa watoto tisa. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na kama ningekuwa mimi peke yangu na watoto wote wale wakilia kwa pamoja, sijui ningefanya nini.

Tena sina haki ya kumhukumu. Kifungua mimba wangu alipewa uji na mama mkwe akiwa na miezi mitatu, nami niliyekuwa tayari na stashahada ya uuguzi ukutani nilinyamaza. Nilikuwa nimerudi kazini zamu ya usiku, nikaogopa kuonekana ninajifanya najua kuliko wakubwa.

Kwanza tusiwalaumu bibi zetu. Zamani hata sisi wauguzi tulifundishwa kwamba mtoto anaweza kuanzishiwa chakula kati ya miezi minne na sita. Ni mwaka 2001 ambapo Shirika la Afya Duniani lilipotoa ushauri wa maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita kamili. Ndiyo maana bibi anasema "minne" na kadi ya kliniki inasema "sita", na mlezi wa kituo, aliyelea watoto wa dada zake kijijini, anamsikiliza bibi.

Sasa, ngumi mdomoni si njaa ya ugali. Mtoto wa miezi mitatu au minne hutia kila kitu mdomoni, kwa maana ndivyo anavyojifunza mikono yake. Kuamka usiku mara nyingi, kutokwa udenda, kuota jino, kuwa mnene kuliko wenzake, kukodolea macho sahani ya wakubwa: hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake kusema yuko tayari. Ukiwa na wasiwasi kwamba hashibi, tazama kadi. Je, mstari wa uzito unapanda? Je, anakojoa mara sita au zaidi kwa siku? Kama ndiyo, maziwa yanatosha. Kama sivyo, mlete kliniki, usimpeleke jikoni.

Dalili za kweli huja pamoja, karibu na mwezi wa sita. Mtoto anakaa akiegemezwa kidogo na shingo haiyumbi. Anakiona kitu, anakifuata kwa mkono na kukifikisha mdomoni mwenyewe. Kijiko kikikaribia anafungua kinywa na kuinama mbele. Na ile ambayo walezi wengi hawaijui: ulimi. Mtoto mchanga ameumbwa na ulimi unaosukuma nje kila kitu kisicho ziwa, ili asipaliwe. Mtie kidogo sana cha kiazi kilichopondwa. Kikirudi chote kidevuni, leo na kesho na kesho kutwa, na miezi sita haijatimia, anakuambia bado. Mlezi huona mtoto mkaidi, kumbe ni kinga yake. Wapo wanaombana pua ili ameze, au kummiminia uji akiwa amelala chali. Jamani, huo uji unaweza kuingia mapafuni.

Hata hivyo, kuchelewa nako ni hatari, na hapa nataka nieleweke vizuri. Katika kituo hichohicho palikuwa na mvulana wa miezi minane, mpole mno, ambaye kila mtu alimsifu kwamba hasumbui. Mama yake aliogopa kuhara, basi aliagiza apewe maziwa tu. Nilipotazama viganja na ndani ya kope, vilikuwa vyeupe. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huanza kuisha karibu na miezi sita, na maziwa ya mama, kwa uzuri wake wote, yana madini hayo kidogo sana. Upole wake ulikuwa upungufu wa damu. Maini yaliyopondwa laini, yai lililoiva vizuri, dagaa waliosagwa, maharage yaliyochujwa maganda ni vitu vya kuanza mapema ndani ya mwezi wa saba, si vya kungoja meno.

Uji uwe mzito, usiodondoka haraka kwenye kijiko. Ule mwepesi wa chupa unajaza tumbo maji. Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, na ziwa liendelee. Na huu mtindo wa unga wa lishe wenye karanga, mtama, ngano, soya na mahindi vyote pamoja, mimi siupendi: mtoto akipata vipele hujui kilichomdhuru ni kipi, na karanga au mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Asali isubiri mpaka atimize mwaka mmoja.

Kwa mama unayerudi kazini: sheria yetu inakupa siku 84 za uzazi, 100 kwa mapacha, na baada ya hapo hadi saa mbili kila siku za kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Ziombe. Wengi hawaziombi. Hapo katikati, kati ya mwisho wa likizo na mwezi wa sita, ndipo uji wa siri unapoingia. Kamua maziwa ya kutosha, kwenye joto yasikae nje zaidi ya muda wa saa nne, na mwombe mlezi ampe kwa kikombe. Chakula cha kwanza kianze nyumbani kwako, siku ya mapumziko, ukimtazama mwenyewe. Mlezi aendeleze kile tu ambacho mtoto amekwishakizoea.

Yule mtoto wa kike alilazwa siku mbili, akapona. Mama yake alitaka kumwondoa kituoni, kisha akabaki, kwani pengine pa kumpeleka hapakuwepo. Waliketi na mlezi wakanunua daftari la kurasa 48, na kila siku mlezi huandika amekunywa saa ngapi na amekojoa mara ngapi. Alipotimiza miezi sita nilikuwepo, Alhamisi. Ndizi iliyopondwa. Kijiko cha kwanza alikunja uso kama aliyeonja dawa, cha pili akafungua kinywa mwenyewe, cha nne akageuza kichwa, na mlezi akaweka bakuli chini.

Mwezi ujao nitajibu barua ya mama aliyeuliza kuhusu mtoto anayekataa kikombe.

Sista wenu wa kliniki