Simu iliyotoka mikononi mwa polisi si ya kuaminiwa tena

UFICHUZI kwamba programu ya kijasusi ilitiwa ndani ya simu zilizokuwa zikizuiliwa na polisi wafaa kuwashtua wakazi wa Kakamega sawa na wenzao wa Nairobi.

Mnamo Mei 2, 2025, watengenezaji filamu wanne walikamatwa jijini Nairobi wakihusishwa na makala ya BBC, Blood Parliament, kuhusu kuuawa kwa waandamanaji Bungeni mnamo Juni 25, 2024. BBC ilisema hawakushiriki kuitayarisha. Waliachiliwa, lakini vifaa vyao vilibaki kwa wapelelezi hadi Julai. Septemba mwaka huo, uchunguzi wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, ulibaini kuwa FlexiSPY iliwekwa katika baadhi ya simu hizo zikiwa kizuizini.

Programu hiyo huuzwa hadharani. Anayeiweka sharti aishike simu yenyewe. Kisha husoma ujumbe, husikiliza mazungumzo na kumfuata mwenyewe kila aendako.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda faragha ya mawasiliano. Idhini ya mahakama ya kupekua simu ni ya kutafuta ushahidi uliomo, wala si ya kupandikiza kitu. Isitoshe, simu iliyochezewa huwadhuru wapelelezi wenyewe, kwani Kifungu cha 50(4) chawaruhusu majaji kutupilia mbali ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki.

Kakamega nayo ilishuhudia maandamano ya vijana Juni 2024. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akitwaliwa simu, nani atamkagulia? Angalau aifunge kwa nambari ndefu ya siri, na adai orodha ya vifaa iliyotiwa sahihi, yenye nambari ya utambulisho ya kila simu. Ikirejeshwa, asiitumie wala asiharakishe kufuta kila kitu, maana atafuta pia ushahidi wa waliomchezea. Kwanza amwone wakili.

Hata hivyo, mzigo huu haumstahili raia peke yake. Sheria yapaswa kulazimisha vifaa vitiwe lakiri mbele ya mwenyewe, na kila anayevifungua aandikwe jina na saa. Bila hivyo, kikulacho kitazidi kuwa nguoni, tena kikirejeshwa kwa stakabadhi ya serikali.