Pikipiki au Lori? Chagua Bongo la Kompyuta kwa Kazi Yake

JUMA hili tunalo swali la kundi la vijana wa mjini Lodwar, Turkana. Wamechanga pesa kwa muda mrefu wakitaka kufungua chumba cha kuchapa barua, kutengeneza picha na kuhariri video za harusi. Fundi mmoja amewashauri wanunue seva iliyotumika, yenye prosesa mbili aina ya Xeon E5-2670, viini 16 kwa jumla. Fundi wa pili anasema wanunue kompyuta ya mezani yenye prosesa moja, Core i5-12400, viini sita tu. Bei ni karibu sawa. Wanauliza: mwenye akili timamu ataachaje 16 achukue sita?

Swali ni zuri, na wakikosea pesa hazirudi. Basi tuanze mwanzo.

Prosesa ndiyo bongo la kompyuta. Ndani yake mna viini, na kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja. Kasi ya mapigo ya kiini hupimwa kwa gigahezi. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde.

Sasa fikiria barabara ya Lodwar hadi Kakuma, kama kilomita 120. Ukiwa na barua moja ya dharura, utampa mwenye pikipiki. Ukiwa na magunia 200 ya mahindi, utatafuta lori. Lori litafika nyuma ya pikipiki, lakini kufikia jioni litakuwa limehamisha mzigo ambao pikipiki ingeumaliza baada ya majuma. Nani mwenye kasi kati yao? Jibu linategemea mzigo.

Ndivyo zilivyo prosesa. Mwaka 2022 kampuni ya AMD ilitoa prosesa mbili zenye viini vya usanifu wa aina moja. Ya mezani, Ryzen 9 7950X, ina viini 16 vinavyoweza kufika gigahezi 5.7, na iliuzwa kwa dola 699. Ya seva, EPYC 9654, ina viini 96, lakini kasi yake haipiti gigahezi 3.7, na bei yake ilikuwa dola 11,805.

Mbona ya bei kali ina mapigo ya polepole? Sababu ni joto. Ile ya mezani imepimiwa wati 170, na ya seva wati 360. Ukigawa sawasawa, kila kiini cha mezani kinapata zaidi ya wati kumi, na cha seva hakipati hata nne. Mfanyakazi aliyepunguziwa posho hakimbii kama mwenzake. Nguvu ya seva ni wingi wa wafanyakazi na njia pana za kumbukumbu: EPYC hiyo ina njia 12 za kuletea data, na Ryzen ina mbili.

Wingi nao una mpaka. Wachimba kisima katika mchanga wa mto mkavu wanajua kwamba chini ya shimo anatosha mtu mmoja. Wengine kumi wakisimama juu, kina hakiongezeki upesi. Mtaalamu Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967: kama sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata uwe na viini elfu moja, kazi haitaharakishwa kupita mara kumi.

Sasa turudi Lodwar. Xeon E5-2670 ilitoka mwaka 2012, na kasi yake ya juu ni gigahezi 3.3. Core i5-12400 ni ya mwaka 2022 na hufika gigahezi 4.4. Isitoshe, kiini kipya hufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Katika majaribio ya kawaida, kiini kimoja cha i5 hufanya takriban kazi ya viini viwili vya Xeon hiyo. Hata vyote vikifanya kazi kwa pamoja, vile sita havishindwi na vile 16. Kumbe ukubwa wa pua si wingi wa kamasi! Tena i5 hiyo ina sehemu yake ya kushughulikia picha na video, na zile Xeon hazina.

Halafu kuna umeme. Xeon moja imepimiwa wati 115, kwa hiyo mbili ni 230. Ile i5 imepimiwa 65, ingawa inaweza kupanda hadi 117 kwa muda. Tofauti ya wati 165, kwa saa kumi za kazi nzito kila siku, ni karibu uniti 50 kwa mwezi. Kwa mtu wa Kakuma anayetegemea sola, hizo ni paneli na betri za ziada.

Umeme huo wote hugeuka joto, na Lodwar mara nyingi kipimajoto hupita nyuzi 35. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Si bure kwamba chuo cha kompyuta cha Startup Lions, kilichojengwa kando ya Ziwa Turkana kwa usanifu wa Francis Kéré, kina minara mirefu iliyoigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa: hewa moto hutokea juu, na hewa ya baridi huingia chini.

Je, seva haina maana? La hasha. Shule ya Kakuma yenye wanafunzi 40 wanaofungua masomo kwa pamoja, au hospitali yenye rekodi za wagonjwa usiku na mchana, inahitaji seva. Kumbukumbu ya seva hugundua na kusahihisha makosa madogo yenyewe, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Vijana wetu, chukueni ile ya viini sita, na kitakachobaki mnunue kifaa cha kulinda mashine umeme unapokatika. Nawe msomaji, dukani usiridhike na jina peke yake. Jina Xeon limekuwapo tangu 1998. Soma namba yote, uliza mwaka, uliza wati, kisha jiulize mwenyewe: nina barua au nina magunia?

Tukutane Jumapili ijayo.