Damu ya Mgonjwa na Ufizi Wake

Mnamo mwaka wa 2001, tabibu Mfaransa Joseph Choukroun alieleza njia ya kuponya majeraha ya kinywani kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Damu huchotwa mkononi na, pasipo kutiwa dawa ya kuizuia isigande, huzungushwa papo hapo katika mashine kwa dakika 12 hivi. Chembe nyekundu hutuama chini; juu yake hufanyika donge la nyuzi za fibrini lililonasa chembe za kugandisha damu. Donge hilo hubanwa likawa utando, ukatiwa penye mfupa ulioliwa, nao hutoa polepole, kwa siku kadhaa, viini vichocheavyo tishu kuota upya.

Hata hivyo, tusihadaiwe na matangazo. Ushahidi ni mzuri kuhusu mashimo ya mfupa kandokando ya meno ya asili. Kuhusu meno ya kupandikizwa yaliyozingirwa na uvimbe, ungali haba. Isitoshe, utando hauondoi ukoga, nao ukoga ndio chanzo cha maradhi yenyewe. Basi mgonjwa anayetozwa fedha nyingi kwa tiba hii ana haki ya kuuliza kwanza: je, meno yangu yamesafishwa hadi chini ya ufizi?