Kitindamlo cha Embe na Oti

Shosti wa Mandewa, ujumbe wako nimeusoma. Mzee kaambiwa ana kisukari, na tangu hapo watoto wakiletewa keki, yeye anajifanya ana usingizi. Mpikie hii, mle wote.

Menya maembe 3 yaliyoiva ila bado magumu, yakate vipande, yanyunyizie ndimu na mdalasini. Sukari usiweke hata chembe. Changanya kikombe 1 cha oti, nusu kikombe cha karanga zilizotwangwa, chumvi kidogo na vijiko 3 vya mafuta ya alizeti (si yapo hapo hapo Singida?). Tandaza juu ya embe. Oveni nyuzi joto 180, dakika 35. Huna oveni? Sufuria yenye mfuniko, mkaa kidogo chini, mwingi juu, na uchungulie mapema maana oti huungua upesi.

Najua mkono unakuwasha umimine asali, Singida mnayo ya kumwaga. Pole mpenzi, asali nayo hupandisha sukari mwilini, na embe pia. Nyuzinyuzi za oti hupunguza tu kasi ya sukari kuingia kwenye damu, haziifuti. Kwa hiyo Mzee apate vijiko 4 vya chakula, na siku hiyo ugali wake upungue. Watoto nao wapewe hiyo hiyo, keki ipumzike.