Televisheni Ikizimika, Usikimbilie Bisibisi

Juma hili twataka kusema habari za chombo ambacho sasa kimeingia hata katika nyumba za vijijini, yaani televisheni. Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962. Tanzania Bara watu walingoja mpaka mwaka 1994. Leo jamaa wengi wameweka akiba ya mavuno mawili matatu ili kuinunua. Kwa hiyo siku inapozima ghafula, baba mwenye nyumba huumia moyo, na mara mkono wake huenda kwenye bisibisi ili aifungue mgongoni.

Ndugu yangu, ngoja kwanza. Mara nyingi ubaya hauko ndani ya televisheni hata kidogo. Uko kwenye plagi, kwenye waya, kwenye rimoti au kwenye antena. Hayo yote waweza kuyatazama mwenyewe, bila hatari na bila senti moja. Lakini ndani ya sanduku mna kitu kinachoweza kuua mtu, hata kama plagi imekwisha kuchomolewa. Basi shika kanuni hii: nje ni kazi yako, ndani ni kazi ya fundi. Mpaka wenyewe ni zile skrubu za mgongoni.

Umeme umefika?

Anza na umeme wenyewe. Chomeka kwenye soketi ileile kitu kingine unachojua ni kizima, kama taa ya mezani au chaji ya simu. Kisipowaka, televisheni haina kosa, na soketi ni kazi ya fundi umeme. Kikiwaka, tazama waya wa televisheni tokea plagi mpaka mgongoni. Je, umekatika? Panya wameuguguna? Umelegea pale unapoingia? Usifunge jeraha la waya kwa kitambaa wala kwa plasta ya kidonda. Badilisha waya mzima.

Kisha tazama fyuzi. Plagi yetu yenye pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake, mfano wa kipande kifupi cha chaki, urefu wake sentimita mbili na nusu. Imeandikwa namba: 3, 5 au 13. Ili kujua kama ni nzima, twaa tochi ya bati yenye balbu. Fungua kifuniko cha nyuma, washa swichi, halafu weka fyuzi hivi: ncha moja iguse kitako cha betri, ncha ya pili iguse ukingo wa bati la tochi. Tochi ikiwaka, fyuzi ni nzima. Isipowaka, imekatika.

Fyuzi iliyokatika hubadilishwa kwa nyingine yenye namba ileile. Fyuzi ya 13 huweza kupitisha umeme wa karibu wati 3,000. Hiyo ni kazi ya pasi au ya jiko. Televisheni ya inchi 32 kwa kawaida hula wati chini ya 100. Wako watu wanaoweka karatasi ya sigara yenye kung'aa mahali pa fyuzi, au msumari. Hayo ni mambo ya hatari kubwa. Msumari haukatiki. Siku waya zitakapogusana, kitakachoungua si fyuzi tena, bali ni waya wa ukutani, na nyumba itashika moto wakati watoto wamelala. Tena, ukiweka fyuzi mpya ikakatika papo hapo, usijaribu mara ya tatu. Hapo ubaya uko ndani. Chomoa, upeleke chombo kwa fundi.

Nyumba zenye umeme wa jua

Wengi wetu hatuna nguzo za umeme kijijini, bali tuna betri na paneli. Televisheni ya namna hiyo huwaka kwa volti 12. Ikiwa inawaka kidogo kisha inazima yenyewe, hasa usiku, ishuku betri kwanza. Betri ya gari iliyoshuka mpaka volti 11 hivi imekwisha kabisa, hata kama taa bado zinawaka. Tazama pia unene wa waya. Waya mwembamba na mrefu humeza volti njiani, na televisheni hupata masazo.

Jambo moja usilisahau: upande wa kujumlisha na upande wa kutoa. Ukigeuza waya hizo mbili, mara moja tu, waweza kuua televisheni nzima. Zifunge alama kwa uzi mwekundu na mweusi, ili hata mtoto asikosee. Na ikiwa televisheni yako hutumia adapta ya nje, jaribu adapta nyingine kabla ya kwenda kwa fundi. Lakini volti zake ziwe sawasawa na zile za kwanza, ampea zisipungue, na pande za kujumlisha na kutoa zifanane.

Rimoti na kitufe cha njia

Taa nyekundu inawaka, lakini televisheni haisikii rimoti. Bonyeza kitufe kilicho kwenye televisheni yenyewe. Ikiitika, kosa ni la rimoti. Twaa simu yenye kamera, elekeza pua ya rimoti kwenye kamera, ubonyeze kitufe huku ukitazama kioo cha simu. Katika simu nyingi utaona nuru ndogo ikimetameta, nuru ambayo macho yetu hayawezi kuiona. Usipoiona, badilisha betri na ufute kutu iliyo kwenye vyuma vya betri kwa kitambaa kikavu.

Tena, watoto hupenda kubonyeza-bonyeza. Katika rimoti kuna kitufe cha kuchagua njia ya picha, mara nyingi kimechorwa mshale unaoingia katika mraba. Mtoto akikigusa, televisheni hungoja picha kutoka tundu ambalo halina kitu, na kioo huwa cheusi au cha buluu. Wako watu waliofunga televisheni kwenye baiskeli mpaka mjini, kumbe dawa ilikuwa kubonyeza kitufe hicho mara moja.

King'amuzi na antena

Zamani antena ikisogea kidogo, picha ilijaa chenga nyeupe, lakini mtu aliendelea kutazama. Mambo hayo yamepita. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, na Kenya ikazima ya kwake mwaka 2015. Picha ya sasa ya dijitali ina tabia nyingine. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kabisa. Yakipungua kidogo tu, hukatika vipande-vipande kama vigae, au hupotea yote. Kwa hiyo picha ya vigae haina maana kwamba televisheni ni mbovu. Ni king'amuzi kinacholia njaa ya mawimbi.

Fanya hivi. Kwanza ujue kama malipo ya mwezi yamekwisha. Pili, chomoa king'amuzi kwenye umeme, hesabu dakika moja, ukichomeke tena. Tatu, fungua kichwa cha waya wa antena nyuma ya king'amuzi. Ule uzi wa shaba wa katikati uchungulie milimita chache, na nyuzi ndogo za pembeni zisiuguse. Uzi mmoja ukigusa shaba, mawimbi hayafiki. Nne, tazama antena kama upepo umeigeuza. Usipande juu wakati wa mvua, na usisimamishe mlingoti wa chuma karibu na waya za umeme.

Mvua ya radi inapokuja, chomoa plagi na waya wa antena pia, kabla radi haijakaribia. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, maana waya zote mbili bado ni njia ya radi kuingia.

Jaribio la tochi

Sasa tuseme sauti yatoka vizuri, lakini kioo ni cheusi. Funga madirisha giza liingie, halafu mulika kioo kwa tochi, kwa upande na kwa karibu. Ukiona watu wanatembea hafifu kama vivuli, picha ipo. Kilichokufa ni taa za nyuma ya kioo. Taa hizo ndogo hufungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, hivyo moja ikifa na wenzake hunyimwa umeme. Fundi aweza kuzibadilisha. Ili zisiharibike upesi, punguza ukali wa nuru katika mipangilio, wala usiiache juu kabisa mchana na usiku.

Neno kwa akina mama: kile kitambaa kizuri cha kudarizi kinachopamba televisheni kiondolewe inapowashwa. Matundu ya mgongoni ndiyo pua zake. Yakizibwa, joto hukaa ndani na kuchosha vyombo. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini na kikavu, plagi ikiwa imechomolewa. Usitie maji, wala mafuta ya taa, wala petroli.

Kwa nini usifungue mgongo

Pengine waniambia, "Nimechomoa plagi, basi hakuna umeme." Sivyo. Ndani ya televisheni bapa mna kifaa kiitwacho kapasita, mfano wa kopo dogo. Kazi yake ni kuweka akiba ya umeme, kama mtungi unavyoweka maji. Ukifunga bomba, mtungi haumwagiki. Kapasita kubwa ya umeme wa ukutani hushika volti zaidi ya 300, na yaweza kuzishika kwa muda baada ya plagi kuchomolewa.

Zile televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa zina hatari zaidi. Chupa yake ya kioo ikiwa ya rangi hufanya kazi kwa volti kama 25,000. Linganisha na volti 230 za ukutani. Chupa hiyo imepakwa rangi ya kupitisha umeme ndani na nje, kwa hiyo chupa yenyewe huwa kapasita, na yaweza kushika umeme siku kadhaa. Tena ndani yake hamna hewa. Ikipigwa, hupasuka kwa nguvu na kurusha vigae, na katika kioo chake mna madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kwa hiyo msiwape watoto televisheni mbovu wachezee, wala msiivunje ili kutafuta shaba.

Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi, chomoa plagi mara moja. Ikiwa huwezi kuifikia, zima swichi kubwa. Usimwage maji kabisa.

Deki na kanda za ukumbusho

Nyumba nyingi bado zina deki na kanda za harusi au za ubatizo. Kanda ikinaswa, usiivute kwa nguvu. Chomoa deki, umpelekee fundi, maana aweza kuitoa bila kuikata. Kanda yenye ukungu mweupe usiitie katika deki, kwani ukungu utachafua kichwa kinachosoma picha, na kichwa kitachafua kanda zote zitakazofuata. Kiwanda cha mwisho kinachojulikana cha kutengeneza deki za kanda, yaani Funai cha Japani, kiliacha kazi hiyo mwaka 2016. Deki zilizobaki zinapungua. Ikiwa sauti ya bibi yako marehemu imo katika kanda, tafuta mtu wa kuihamishia kwenye kompyuta mwaka huu, usingoje mwaka ujao.

Visahani vya picha ni rahisi zaidi. Kikikwama-kwama, kifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyoka. Usifute kwa kuzungusha.

Ukifika kwa fundi

Sasa umepima yote na hukufaulu. Kazi yako haikupotea. Fundi mwema hupenda mtu anayeeleza vizuri, na fundi mlaghai humwogopa. Andika jina na namba iliyo kwenye kibandiko cha mgongoni. Mwambie: "Fyuzi ni nzima, soketi ni nzima, taa nyekundu inawaka, sauti ipo, na kwa tochi naona picha." Uliza bei kabla hajafungua. Mwombe akuonyeshe kilichoharibika na akurudishie kifaa cha zamani. Kapasita iliyokufa mara nyingi huvimba kichwani, hata wewe utaiona. Kuibadilisha hiyo, au taa za nyuma, kwa kawaida ni gharama ndogo. Lakini kioo chenyewe kikipasuka, mara nyingi bei yake hukaribia bei ya televisheni mpya, basi heri kuweka akiba upya.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Waya uliolegea leo, ukaze leo. Na kijana wa nyumbani anayependa ufundi, msimkemee, wala msimwache na bisibisi peke yake. Mpelekeni kwa fundi mzoefu ajifunze jinsi ya kumaliza umeme katika kapasita kabla ya kuigusa. Kijiji chenye fundi wake mwenyewe, aliye hai na mwenye vidole kumi, kimepata faida.